Kopo la Salfa Chini ya Kitanda Chako

Baba, shikamoo.

Najua hutaitikia. Nimekuja na habari ambayo Mama amekataa kuipokea. "Kamwambie baba yako," kasema. "Mimi nilishamwambia." Kisha akaendelea kumenya mihogo.

Ni lile kopo la salfa, dawa yako ya unga ya mikorosho. Ulilificha chini ya kitanda tangu mwaka ule maua ya mikorosho yalipokauka yote kwa ubwiriunga, ule ukungu mweupe, ingawa ulipuliza dawa alfajiri, umande ukiwa bado majanini, kama ulivyofunzwa. Mganga akakwambia salfa imechezewa na shemeji yako, ulitunze kopo liwe ushahidi. Ukalitunza. Mjomba, kaka pekee wa Mama, ukamfungia mlango, ingawa Mama alikwambia hana kosa. Ukatuusia hata udongo asitupe kaburini kwako, na tulikutii, Mungu atusamehe. Alisimama barabarani, kofia mkononi, mpaka tukamaliza kuzika.

Nililibeba kopo hadi maabara ninakofanya kazi, Dar es Salaam. Tumeletewa mashine mpya. Mwale wa leza unapiga chembe ya unga, inaruka cheche ndogo ya gesi yenye joto kali mno, wanaiita plazma. Kila kilichomo kwenye unga hung'aa kwa rangi zake, na mashine inazisoma. Nikaweka kwanza salfa halali, kisha yako. Yako, Baba, ilijaa kalsiamu. Chokaa! Chokaa iliyotiwa rangi ya manjano, na salfa kiduchu ya kuleta harufu.

Uliinunua kwa yule mfanyabiashara aliyekuja Newala na lori, biashara ilipofunguliwa kwa watu binafsi na chama cha ushirika kikaacha kutuletea dawa. Ulimkaribisha ndani, ukamchinjia kuku. Mjomba, aliyekuazima mashine ya kupulizia, ukamwita mchawi.

Nilidhani nikiujua ukweli nitapata nafuu. Nimepata hasira tu. Mwenye lori hakuna ajuaye alikoenda. Wa kumkasirikia umebaki wewe, na wewe umelala.

Jumamosi nakwenda Mkunya, anakoishi Mjomba. Siku hizi anatembelea mkongojo. Nitapiga magoti mlangoni kwake nimweleze yote, na akikubali nitamleta hapa atupe udongo wake, hata kama nyasi zimeshaota. Wosia wako nauvunja, na kwa hilo sikuombi radhi.

Lala, Baba. Akikataa kuja, sitamlazimisha.

Mwanao, Zuhura