Kuku wa Anitha na Mkataba wa Miezi Mitatu

Mwamvua wee, hivi kifaranga huanza kutaga akiwa na miezi mingapi?

Maana wakubwa wameshaamua ni mitatu! Mkwe wangu Anitha kashinda zabuni ya kupeleka mayai shule ya bweni ya serikali, kajaza vifaranga bandani, leo kaitwa kusaini: mkataba miezi mitatu. Mitatu! Kuku wakija kutaga, mkataba utakuwa ulishakwisha zamani.

Afisa ugavi eti, "Mama, mkataba mfupi ni rahisi kuusimamia."

Rahisi, mwenzangu! Labda na hao kuku awaandikie barua ya kuwahimiza watage.

Anitha, yule asiyejua kubisha, kalamu kaishika asaini. Mara kaiweka chini.

"Kaka, nipeni miaka miwili, mnikague kila wiki. Siku nikileta yai bovu, nifukuzeni."