Pikipiki Isiyo na Taa wala Honi

Temeke, Dar es Salaam

Mpendwa mdogo wangu Agnesi,

Nisamehe kwa kimya changu. Tangu korosho za mwaka jana zilipookotwa sijakuandikia hata mstari mmoja, na sina udhuru wa kukupa. Sikuugua, na wino haukuniishia. Kila nilipokaa ili niandike, jambo la mwanao Festo lilikuwa halijanikalia sawa kichwani, nami sipendi kumwandikia mtu jambo ambalo mimi mwenyewe sijalielewa. Hata leo silielewi lote. Ila sasa nina sababu ya kuamini kwamba wewe unalielewa kuliko mimi, na ndiyo maana nimeshika kalamu.

Nianze mwanzo, usije ukasema kwamba nimekurukia.

Jumamosi moja nilitoka Buguruni sokoni na kikapu cha mihogo, nikamkuta Festo uani amechuchumaa mbele ya pikipiki ya tajiri wake, Bwana Yusufu mwenye gereji. Amefanya kazi pale tangu alipokuja kukaa kwangu, na hajawahi kuruhusiwa kuileta hata mlangoni. Siku hiyo ilikuwa imeegemezwa ukutani mwa jiko letu. Alikuwa ameng'oa vioo, ameng'oa honi, ameng'oa taa ya mbele na ya nyuma, naye alikuwa akifungua kibao cha namba. Niambie wewe, mdogo wangu: mtu anayeondoa namba kwenye chombo, akaondoa na taa, akaondoa na honi, mtu huyo anakwenda wapi? Nimeishi mjini muda wa kutosha, nami nalijua jibu moja tu.

Nilimwuliza pikipiki ni ya nani. Akasema ni ya tajiri. Nikamwuliza kama tajiri anajua iko wapi. Akasema ndiye aliyempa. Nikamwambia avae viatu, twende kwa huyo tajiri sasa hivi, akaniambie kwa kinywa chake. Festo akacheka. Alipoona kwamba sicheki, akafuta mikono kwa kitambaa, akaeleza.

Kumbe kuna chama cha Wazungu wenye pikipiki. Wamepewa uwanja wa ndege wa zamani, ule uliotumika wakati wa vita na ambao sasa umeota majani kandokando. Jumapili fulani fulani hufunga njia, wakazunguka humo kwa kasi. Safari hii wametoa nafasi baada ya chakula cha mchana kwa mafundi wanaowatengenezea vyombo vyao, nao wazunguke. Si mashindano, wala hakuna kikombe. Mtu huingia, huzunguka kwa kasi anayoiweza bila kuogopa mkokoteni, mbuzi wala mtoto, kisha hutoka. Taa na vioo huondolewa kwa sababu mtu akianguka, vigae hubaki njiani na kukata tairi za wenzake. Namba na honi ni vitu vya barabarani, na pale si barabarani.

Nikamwuliza, akishazunguka hivyo anafika wapi. Akasema anafika pale pale alipoanzia.

Jirani yetu Mzee Salumu alikuwa akitusikiliza juu ya ua wa makuti bila haya yoyote. Akasema, "Mwalimu, mwache mpwa wako. Ngamia wa kinu cha mafuta anazunguka tangu alfajiri, na sijaona mtu akimwuliza anakwenda wapi."

"Yule wa kinu hufungwa kitambaa machoni, Babu," Festo akamjibu. "Mie nitavaa miwani."

"Basi utaona vizuri unavyorudi ulikotoka."

Wakacheka wote wawili. Mimi niliingia ndani na mihogo yangu.

Sikuyaamini maelezo hayo, na sababu nakupa. Kwanza, tangu lini? Watu hawa wameupita mlango wa gereji ile miaka yote wakiwa na vyombo vyao vinavyong'aa, na hakuna aliyemwuliza fundi kama naye angependa kuzunguka. Leo wamekumbuka. Mtu akikukumbuka ghafla, mimi huuliza amepotewa na nini. Pengine wanataka kucheka baada ya kula. Pengine wanataka kuonyesha kwamba wao ni watu wema, wakati huu ambapo mambo mengi yanasemwa mjini juu yao. Pili, kwa nini Jumapili? Tatu, Bwana Yusufu si mtu wa kumpa mtu spana aende nayo nyumbani. Leo ametoa pikipiki nzima.

Basi nilikwenda gereji mwenyewe, siku ambayo Festo alikuwa ametumwa Mwananyamala. Bwana Yusufu alinikaribisha vizuri, akaniletea kiti na kahawa, akanipa shikamoo ingawa yeye naye ana mvi. Nilimwuliza bila kuzunguka: anapata nini. Hakukasirika. Alisema kwamba mguu wake ni mbovu, hawezi tena kupanda, na kwamba wenye vyombo wakiiona pikipiki aliyoiunda yeye inatulia kwenye kona, watamletea vya kwao. Nikamwuliza, na Festo akianguka je?

"Mwalimu, sitakudanganya," alisema. "Akianguka, pikipiki ni hasara yangu. Mguu ni wake."

Nilirudi nyumbani kwa miguu nikiyachambua maneno hayo. Mdanganyifu asingeyasema. Lakini pia mtu anaweza kusema kweli moja kubwa ili usitafute nyingine ndogo.

Tangu siku hiyo nimekuwa mlinzi katika nyumba yangu. Nimekaa kibarazani na gazeti, macho yangu yakiwa uani. Nimemwona akizitazama tairi akiwa amelala kifudifudi, akipitisha kidole polepole kama mtu anayetafuta mwiba. Nimemwona akilegeza mnyororo, akaukaza, akaulegeza tena. Nati ya kumwagia oili ameitoboa tundu dogo na kuifunga kwa waya ili isifunguke yenyewe, kwa kuwa oili ikimwagika njiani, anayemfuata nyuma ataanguka. Nilimwuliza kama hao wanaomfuata watakuwa wamefunga za kwao. Akafikiri kidogo, akasema atazitazama kabla ya kuingia. Jibu hilo lilinipendeza, nami sikumwonyesha. Breki huzijaribu kwa kuisukuma pikipiki uani, moto ukiwa umezimwa, kuku wangu wakikimbia huku na huku. Mtu anayejiandaa kwa upuuzi hajiandai hivyo. Lakini hilo nalo limenitia shaka: ikiwa ni mchezo wa kuzunguka tu, maandalizi yote haya ni ya nini?

Sasa nifike kwenye mambo yanayokuhusu wewe.

Unaikumbuka siku Padre alipoleta pikipiki yake ya kwanza misheni? Sisi wavulana tuliisukuma kwenye kichanga cha mtoni mpaka tukaishiwa nguvu, na wewe ulikuja mbio ukiwa na mtungi kichwani, ukautua, ukataka kujua ile sauti ilikuwa inatokea wapi. Ulilishika bomba la moshi kwa kiganja kizima. Hukulia. Ulifumba mkono, ukauchukua mtungi, ukaenda zako. Usiku ule mama alipakua ugali ungali unatoa moshi. Nilikutazama ukimega kwa mkono ule ule, tonge baada ya tonge, uso umetulia kama wa mtu anayesali, kwa kuwa ungetumia mkono wa kushoto mama angejua. Mimi nilijua. Niliona kwamba ulikuwa unamega kwa ncha za vidole, kiganja hakigusi. Sikumwambia mama, nawe hukunishukuru, na nadhani tulielewana zaidi siku ile kuliko siku nyingi tulizozungumza.

Tangu hapo mimi hutazama mikono ya watu wanapokula. Na wiki tatu zilizopita nilimwona Festo akimega tonge, kisha badala ya kuinua mkono aliinamisha kichwa ili kukifuata kiganja. Nilisubiri anawe, nikamwomba anishushie sanduku lililo juu ya kabati. Akanyoosha mkono, ukaishia begani.

Nilimwambia avue shati. Kiwiko kilikuwa kimechunika hadi karibu na bega, na dawa ya zambarau imepakwa kote. Wiki ile alikuwa ameniambia kwamba anakwenda Kimbiji kulitengeneza lori lililokwama. Lori halikuwapo. Alikwenda na wenzake wa gereji, wakavuka kwa pantoni na pikipiki, wakafanya mazoezi kwenye ile njia mbovu ya mchanga. Aliniambia mchanga humfundisha mtu jinsi tairi ya nyuma inavyoteleza, na kwamba ni heri kujifunza hilo mahali laini.

"Ulikwenda bila kuniaga," nilimwambia.

"Kule sikuhesabu, Mjomba. Ilikuwa mchanga tu. Uwanjani siendi mpaka uniwekee mkono kichwani. Ukikataa, naifungia taa zake na kuirudisha."

Unalijua hilo linatoka wapi. Watoto wa kwetu ni wa mjomba wao. Shemeji yangu ni mtu mwema, lakini ukimwuliza habari ya mwanawe, atakujibu kama baba zetu walivyojibu: mwulizeni mjomba wake. Zamani mjomba angemwaga unga chini na kuwataja waliotangulia ndipo kijana asafiri. Mimi ni mtu wa kanisa, nimeuacha unga, nimebaki na mkono na sala. Hata hivyo uzito ni ule ule. Nikiweka mkono, kijana anakwenda. Akivunjika, wazee hawatamwuliza Bwana Yusufu wala wale Wazungu. Watapanda lori kuja Temeke, wataketi kibarazani pangu, wataniuliza mimi.

Kwa hiyo nilikuwa nimekwisha kuamua kukataa. Ningekuandikia juma lililopita kukwambia kwamba nimekataa na kwamba unishukuru. Kisha akaja na nguo.

Alizivaa ili nizione: koti na suruali za kitambaa kizito cha khaki, magoti na viwiko vikiwa vimewekwa tabaka la pili, na mgongoni kama godoro. Akaruka mbele yangu, akachuchumaa, akainua mikono kuonyesha kwamba hazimbani. Mzee Salumu alisema kutoka uani kwake kwamba siku Festo atakapooa mchumba wake asishtuke, bwana harusi atavikwa gunia. Nilimwuliza nani ameshona. Festo akasema fundi mmoja wa Buguruni. Nikamwambia avue aniachie niangalie kama ni imara.

Agnesi, fundi wa Buguruni hushona kwa cherehani. Nguo hizi zimeshonwa kwa mkono. Na kila pindo linapokwisha, uzi umerudi nyuma kidogo juu ya mishono yake yenyewe kabla haujakatwa. Namjua mtu mmoja tu asiyeuamini uzi kiasi hicho. Sista aliyekufundisha kushona alikugombeza kwa kuumaliza uzi wa darasa zima, nawe ukamjibu kwamba kaka zako hupanda miti. Kaptula zangu zote za kufundishia zilishonwa hivyo, na hazikufumuka hata moja. Unadhani ningeusahau mkono huo?

Basi sasa naelewa kwa nini nawe ulinyamaza. Nilidhani unalipiza kimya changu. Kumbe ulikuwa unashona.

Sijui ulimtuma nani akuletee kipimo, wala ni dereva gani aliyezileta nguo. Sitamwuliza Festo, kwa maana atanidanganya kwa ajili yako na sitaki ajizoeze. Nakuuliza wewe. Ikiwa umekubali, kwa nini hukuniandikia kwamba umekubali? Nimelifikiria jibu usiku na mchana, na majibu ninayo mawili. Labda unaogopa kama mimi, na unataka neno la ndiyo litoke kinywani mwangu, ili siku ya lawama liwe langu. Au labda ulijua kwamba nikipata habari zako mapema ningeandika barua ya kurasa nne za kukataa, na ukaona ni afadhali nimtazame kijana kwanza kwa macho yangu, uani kwangu, akiifunga nati kwa waya. Jibu la kwanza linaniudhi. La pili linaniudhi zaidi, kwa sababu nimemtazama.

Hiyo ndiyo shida yangu sasa. Wale Wazungu bado siwaamini. Bwana Yusufu namwamini nusu. Wewe, samahani, siku hizi nakuamini kama unavyouamini uzi. Aliyebaki ni Festo, aliyenidanganya kuhusu lori na kuhusu fundi, na ambaye hata hivyo haingii uwanjani bila mkono wangu, ingawa hakuna mtu pale atakayejua kama nimeuweka au sikuuweka. Ningemkatalia, angezirudisha taa mahali pake na asingeninunia. Nimemwangalia vya kutosha kulijua hilo. Ni rahisi kumkatalia mtu mkaidi, mdogo wangu. Huyu ananipa shida.

Keshokutwa nitakwenda naye kuuona uwanja ukiwa mtupu. Nataka kuukanyaga mwenyewe, nione kona zikoje na kando yake kuna nini, majani au mawe. Nitawauliza walinzi maswali yangu. Festo amesema atanisindikiza, mradi nisiwaulize habari za vyeti vyao vya ubatizo.

Nikishaamua, nitakuandikia siku hiyo hiyo, kabla sijamwambia mtu mwingine yeyote isipokuwa yeye. Wewe nawe uniandikie ukweli, usiupitishe kwa dereva.

Nikuage kwa jambo moja dogo. Jumapili hiyo ya uwanjani ni zamu yangu ya kusoma masomo kanisani, asubuhi na jioni. Nimemwomba mzee wa kanisa atafute msomaji mwingine wa jioni. Usilichukue hilo kuwa ni jibu.

Msalimu shemeji.

Ni mimi kaka yako,
mjomba wake Festo