Utepe wa Msellem

Mishi, uko? Usinipigie simu, nitalia.

Ndege yangu ya mfano, ile ya kurushwa kwa waya, imekwisha. Leo, siku ya Idi, uwanjani hapa Shella, watu wote wapo. Haikumaliza hata mzunguko mmoja. Nimeshika mpini, navuta waya ili iinuke, yenyewe yashuka tu, pua mbele, mpaka ikajichimbia mchangani.

Na aliyenichagulia injini ni nani? Msellem. Binamu yangu wa damu. Mimi nilitaka ile ndogo. Akaniambia, "Ndogo ni ya watoto, Rufaida. Chukua kubwa." Nikamwamini. Kubwa yenyewe nzito kuliko ndege.

Sikiza sasa. Naokota mabawa, naye ananiambia mbele ya watu, "Mkono wa kike hauwezi waya." Halafu akafungua boksi lake. Ndege yake ina injini gani? Ndogo. Ile ile aliyonikataza.

Mkono wa kike, Mishi. Mimi.

Basi ndege naiunga upya, na injini ndogo nimeshaipata. Jumapili nimemwita tuingie duara moja, turushe pamoja. Ada yetu waijua: kila ndege na utepe mkiani, ndege zikatane tepe hewani kwa propela, na atakayekatwa wake auvae shingoni mpaka magharibi, hata barazani kwenye kahawa.

Mamake ameniomba nimshonee utepe, maana fundi wa kushona nyumbani ni mimi. Nimekubali kwa adabu zote. Utakuwa wa waridi, wenye marinda.

Kipimo sihitaji. Kanzu yake ya Idi nimeshona mimi, shingo yake naijua.