Kiti cha Maua ya Chuma

4 Februari

Kwa mke wangu Bibi,

Shikamoo, na uitikie bila madaha. Hujambo? Mjukuu wako ni mzima kama vyuma ninavyochomelea. Juzi fundi mmoja alianguka karakanani kwa joto. Nesi akatueleza kuwa jasho halitoki na maji tu, linaondoka na chumvi na madini. Mwili ukikauka, figo na moyo hugoma. Basi mimi niliyeishia darasa la sita ndiye daktari wa karakana sasa! Haya, kikongwe changu, unakunywa maji kiasi gani?

Mumeo kijana

13 Februari

Mume wangu mwenye mdomo mrefu,

Marahaba. Nyumbani ni wazima, mama yako anakusalimu. Mimi misuli ya miguu inakaza, na nikisimama kichwa kinazunguka. Mkojo ni kama chai iliyokolea. Si umeuliza, daktari? Maji nalowesha koo tu. Choo kiko kule uani na siwezi kwenda bila kushikwa mkono. Mama yako anarudi kazini hoi, nimwamshe tena na tena kwa haja zangu? Asiyekunywa hasumbui mtu. Usimwambie.

Mkeo wa kwanza, Bibi

20 Februari

Bibi,

Shikamoo. Pole na miguu. Nilicheka, halafu chakula kikanishinda. Nimeanza kukutengenezea kiti: kina tundu katikati na ndoo chini, kitakaa kando ya kitanda chako. Hutamwamsha mtu. Fundi mkuu anasema kikiachwa bila mapambo, kesho kitakuwa tayari. Kwa nani? Mke wangu akalie chuma kitupu kama mfungwa? Naweka maua mgongoni na mikono ya kujipinda, ukae kama malkia. Nivumilie kidogo. Na unywe, maji yenye sukari na chumvi kiduchu, kikombe kizima! Mama sijamwambia, kama ulivyotaka.

Mumeo fundi

9 Machi

Bibi,

Shikamoo. Mbona kimya? Umeninunia? Kiti kimepanda lori leo. Wateja wanakitolea macho, nawaambia hicho ni cha mke wangu, tafuteni wenu. Unakunywa? Nijibu hata neno moja.

Mumeo

28 Machi

Bibi,

Shikamoo. Najua hutaitikia.

Barua ya Mama imenifikia leo. Anasema mlipofika hospitali figo zilikuwa zimeshagoma. Ananiuliza kama nilijua kwamba hunywi.

Kiti kilishushwa watu wakitoka kukuzika. Hakuna aliyejua ni cha nini. Waliziba tundu kwa mto wakamkalisha mjomba, yule mnene mwenye maringo, akapokea pole za watu kutwa nzima juu ya choo chako. Eti akayasifu sana maua.

Bila maua kingewahi.

Lakini mjomba, Bibi! Na vile alivyokunja nne! Ungecheka mpaka uombe maji.

Mjukuu wako