Ndama Aliyevutwa kama Reli

Kidete,
3 Machi 1975

Mke wangu Joha,

Pokea salamu za hapa. Sisi wazima, ila bibi yako, mkemwenza wako, anakohoa kila akiniona. Je, huko chuo cha mifugo Morogoro wanakulisha?

Jana nimemzalisha Nyange, ng'ombe wa kijiji, peke yangu. Ndama alikwama, nikamvuta kwa mikono hii miwili mpaka akatoka.

Haya, uongo. Wino ni wa kijiji, nisiuharibu. Walivuta wanaume sita, wale waliokuwa gangi la reli, kwa kamba nene. Yeremia, kiongozi wao, anaanza wimbo, wao wanaitikia, kama wanapanga mataruma chini ya reli. Mimi nilishika mkia. Ndama yu hai, jike, lakini amelala tu, hanyonyi, na ufizi wake ni wa buluu kama wino huu. Wewe unayesomea ng'ombe, ana nini?

Mimi babu yako na mume wako,
Mwinshehe


Morogoro,
10 Machi 1975

Babu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima. Mwambie bibi namsalimu, na mume nimemwachia yeye.

Babu, hapa tunapima damu ya ndama. Aliyezaliwa bila kuvutwa, damu yake hutulia upesi. Aliyevutwa kwa nguvu hubanwa njiani, akakosa hewa, damu ikawa na uchachu. Hapo hulegea, hata kunyonya hawezi. Mkamulieni dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, mumnyweshe kwa chupa. Au dang'a imeshakwenda pengine? Niambie kweli.

Mjukuu wako,
Joha


Kidete,
21 Machi 1975

Mke wangu,

Marahaba. Barua yako imekuja na treni ya Jumanne. Ndama alikuwa ameshakufa, siku ya tatu tu.

Dang'a tuliila. Mimi na Mwenyekiti Beda. Tuliichemsha ikaganda, tukatia chumvi. Kwetu maziwa ya kwanza ni ya wazee, hakuna aliyewahi kumuuliza ndama. Ilikuwa tamu, Joha, ndilo linaloniuma.

Sasa Sikitu, ng'ombe wetu mwingine, naye ana mimba. Beda kasema mkutanoni: ndama wa pili akifa, ng'ombe wote wapelekwe kijiji cha Zombo, kwa watu wanaojua kufuga. Na hapa kuna watoto tuliowaahidi maziwa hayo. Jirani yetu Domina kaniuliza, "Mzee, damu inachachaje? Kama togwa?" Nikajibu kisomi, "Kama togwa." Nimekosea?

Nifanyeje? Usinicheke.

Babu yako


Morogoro,
29 Machi 1975

Babu yangu,

Shikamoo, na poleni sana. Sicheki.

Togwa si mbali. Sikitu mwacheni asukume mwenyewe. Miguu ya mbele na pua vikitangulia, subirini. Akishindwa kabisa, wavute watu wawili tu, tena pale anaposukuma; akipumzika, nao wapumzike. Asiimbe mtu! Ndama akitoka, msugueni kwa majani makavu, apate dang'a kabla ya muda wa saa mbili kupita. Kisha niandikie yote, hata rangi ya ufizi. Nataka kuyatia kwenye ripoti yangu.

Mjukuu wako,
Joha


Kidete,
2 Juni 1975

Mke wangu,

Marahaba kabla hujaniamkia. Bibi yako kaacha kukohoa, sasa ananisema waziwazi.

Sikitu alianza Jumamosi asubuhi. Yeremia akaja na gangi lake na kamba. Nikaikalia.

"Mzee, toka hapo, ng'ombe atakufa!"

"Kaa chini, Yeremia. Hapa hakuna treni inayongoja."

Wakaniita mchawi, wakaniita mzee wa togwa. Sikuondoka. Miguu ikatoka, pua ikatoka, kisha ndama akakwama. Nikamwita Domina. Sikitu akisukuma tunavuta, akitulia tunatulia, mpaka ndama akateleza chini, dume, akapiga chafya.

Mara Beda huyo, na sufuria na chumvi. Nikamwambia, "Mwenyekiti, leo utalamba chumvi tupu." Dang'a yote kanywa ndama mwenyewe. Ufizi wake mwekundu kama ulimi wa paka, na kabla ya adhuhuri alisimama, akaanguka, akasimama tena. Habari za Zombo hazisemwi tena.

Sasa, habari za ripoti yako nimekupa zote, na makalio yangu yana alama za kamba. Una deni langu dogo. Usiandike humo "mzee mmoja wa Kidete." Andika Mwinshehe bin Kibwana, kwa herufi kubwa, kisha ninakilie ukurasa huo nimwonyeshe bibi yako. Kusoma hajui, lakini jina langu analijua lilivyo.

Babu