Udi wa Bwanausi Majaliwa Umebaki Nyumbani

Zzzz, kama nyuki ndani ya debe. Mlio huo ndio uliotuita chumbani kwako juzi, mwaka ukitimia tangu ulipotutoka, mzee wetu Bwanausi. Tulipofungua mlango tulimkuta mwanao Mikidadi ameuinamia udi wako wa kupiga, tupa ya kuchongea mkononi.

Wewe, fundi wa udi, ulikuwa mtu wa "leta kidole". Aliyekuletea udi hakukaa kabla hujapima unene wa kidole chake, ndipo uchonge mifuo ya nyuzi kwenye kipande cha mfupa, juu ya shingo ya udi. Ulisema nyuzi za udi huishi mbili mbili: zikikaribiana mno zinagombana, zikiachana mno kidole kinashika mmoja, mwenzake unabaki mkiwa. Mwalimu Oswaldi wa misheni, aliyekatika ncha ya kidole kwa panga, ulimchongea mfupa wake peke yake. Krismasi ile alikuja kukupigia mpaka chai ikapoa.

Udi wako ulifuata vidole vyako vinene. Vya binti yako Ashura, vyembamba, vilipotea humo. Ami Haji akasema Idi ikipita atauchukua kwake Kerege, maana hapa hauna mpigaji. Mikidadi, unaujua moto wake, akajibu kwamba udi hautoki.

Ndipo akajifungia chumbani kwako, akachonga mfupa mpya kwa rula, kila jozi sawasawa, katikati ya uzi hadi katikati ya mwenzake. Nyuzi nene zikagusana, ndio mlio ule tuliousikia.

"Kaka, umefuga nyuki," Ashura akasema.

"Nyamaza wewe."

"Baba yako alianza na kidole," mama akamwambia. "Wewe umeanza na rula."

Mikidadi akaiweka rula chini. Kisha akamwita dada yake, akampima kidole, akachonga mfupa mwingine, safari hii akiangalia uwazi ulio baina ya uzi na uzi. Jana alasiri Ashura aliupiga. Kila jozi ikatoa sauti moja, safi. Ami Haji akasikiliza hadi mwisho.

"Basi ubaki," akasema. "Mimi nitakuja kusikiliza."

Haipiti siku bila kukutaja sisi tuliobaki: mkeo Mwanvita, wanao Mikidadi na Ashura, nduguyo Haji wa Kerege, na rafiki yako Oswaldi. Umo mioyoni mwetu siku zote. Na mbele yetu sote Mikidadi amemwambia dada yake:

"Idi Pili utakaa barazani kwa baba upige, na shairi la kuimba nitalitunga mimi, beti zote."