Kiti cha Mbele Kiko Barazani kwa Wilondja

Jumanne, 4 Machi 2025

"Gari la Mjapani ni kama mtoto mchanga, linalia hata likiwa limeshiba." Ndivyo alivyosema Wilondja leo mbele ya kamati nzima ya mutualité, chama chetu cha kuzikana, nao wakampigia makofi. Rais wetu! Shemasi! Mtoto mchanga akilia, mama humgusa tumbo, humpima joto, humtazama macho. Hakuna mama anayemziba mtoto mdomo kwa skochi nyeusi, utepe wa gundi.

Sisi tumeziba. Honoré, dereva, ameibandika kwenye dashibodi kwa sababu waliosindikiza maiti wiki jana waliogopa taa nyekundu. Dawa yetu sisi wakimbizi ya kila kitu kambini hapa — ikiwaka, funika.

Chanzo kinajulikana. Januari walifungua kiti cha mbele wakakitoa, ili jeneza liingie kwa mlango wa nyuma na kufika hadi dashibodi. Hatutaki wafu wetu wabebwe kwenye pikapu kama magunia ya mahindi. Sawa. Hata mimi sitaki. Lakini chini ya kiti kulikuwa na waya wenye plagi ya njano, nao wakaing'oa tu. Tangu siku ile taa ya mfuko wa hewa, ule unaovimba gari likigonga, haijazimika. Na kiti chenyewe? Kiko barazani kwa Wilondja. Anakikalia akipokea wageni.

Jumatatu gari hilo la chama ndilo litampeleka Arlène hospitali ya Lilongwe. Binti wa dada yangu, marehemu dada yangu. Mtoto amekaa kitako tumboni. Daktari amesema apasuliwe.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda Mchesi, mjini Lilongwe, na Honoré, kwa Djuma, fundi wetu, mtu wa Kindu. Ana kimashine cha kusoma makosa ya gari. Akakichomeka chini ya usukani, akabonyeza, taa ikazimika.

— Njo kwisha, muzee! Gari iko mupya!

Honoré akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi. Njiani kurudi tukasimama Kanengo kununua maji. Gari likawashwa tena — taa imerudi! Nikabandua skochi yote. Mbele, kwenye kupanda, ikawaka nyingine: duara jekundu lenye alama ya mshangao. Ikazimika. Ikawaka.

Nikamwuliza hii ni ya nini.

— Ni ile ile ya kiti, Mwalimu. Zote ni bandugu.

Ndugu! Kosa moja tumelizoea, sasa limekuwa koti la kufunikia makosa mengine yote.

Jumamosi, 8 Machi

Kitabu cha gari ni cha Kijapani kitupu. Lakini picha hazina kabila. Duara na mshangao: chupa ya mafuta ya breki. Nikafungua boneti. Mafuta yako chini ya mstari wa mwisho.

Nikajilaza matopeni, chini ya gari. Wale waliofunga reli za mbao za kutelezeshea jeneza walipitisha bolti ndefu hadi chini ya sakafu. Moja inaligusa bomba la breki. Kila gari linapotikisika, inalikwaruza. Bomba limelowa. Nimegusa, nimenusa — mafuta. Wamelitoboa wenyewe kwa heshima ya maiti!

Nilimwita Wilondja aje aone. Hakuinama. Angechafua suruali.

— Mwalimu, we unasoma sana, njo maana unaogopa sana.

Watu wakacheka. Nikamjibu: na wewe unakaa sana, tena juu ya kiti cha watu. Hapo hawakucheka. Akasema kamati itajadili baada ya Jumatatu, Honoré ataongeza mafuta, na Arlène ataombewa.

Aombewe nini tena? Mungu ameshajibu. Amewasha taa.

Jumapili, 9 Machi

Imetangazwa kanisani: gari liko tayari, litaondoka kesho alfajiri. Amina nyingi. Nimewaomba wenye magari kambini. Hakuna mwenye petroli. Djuma kwa simu: bomba analo, atakuja mwenyewe kesho asubuhi kulifunga, gari lisisogee hata hatua moja.

Jumatatu, 10 Machi

Naandika ndani ya gari. Milango nimeifunga, funguo ziko mfukoni. Uchungu umemwanza Arlène kabla ya jua.

Nimekanyaga breki — mguu umezama kama kwenye unga. Honoré naye alikanyaga. Anajua! Ati ukipampu inashika. Na kwenye mteremko, na Arlène amelala nyuma kwenye godoro, utapampu mpaka lini?

Honoré anagonga kioo. "Fungua, Mwalimu! Utaua mutoto wa benyewe!" Wilondja anawaeleza watu kwamba vitabu vimenila kichwa. Gari la wagonjwa la kliniki limekwenda mjini Dowa, halijarudi. Djuma alisema yuko Kanengo. Sasa simu yake haipokelewi.

Wamemtolea Arlène kitu cha kukalia. Kiti cha mbele! Wamekibeba kutoka barazani kwa Wilondja, wamekiweka kwenye vumbi kando ya gari, plagi ya njano inaning'inia chini yake. Ameking'ang'ania kwa mikono miwili. Yeye peke yake hapigi kelele. Uchungu ulipoachia kidogo akamsogezea mjomba wake uso kwenye kioo.

— Tonton, mi siogope gari. Mi naogopa kuchelewa.

Nawaambia wengine kupitia kioo:

Wilondja, Honoré, na ninyi kamati mliopiga makofi: tokeni kwenye kioo hiki. Funguo sitoi. Nendeni barabarani, mjipange katikati ya lami, msimamishe chochote chenye breki, hata pikapu ya mahindi. Wafu wetu tuliwakatalia pikapu. Arlène ataipanda akiwa hai. Mbona bado mmesimama? Nendeni!